Ukoka Juu ya Nyumba ya Chini

Paluku aliuleta udongo kwa chukudu,
magunia manne kutoka njia ya Sake,
mweusi, laini, bado una vimizizi vya viazi.
Akaumwaga uani, akajifuta jasho, akauliza:
"Mama Kavira, ni maharage au lenga-lenga?"
Nikamwambia ni majani.
"Majani gani?"
Ya kukanyaga.
Akazihesabu pesa zake mara mbili
kama mtu aliyelipwa na kichaa.

Uwanja wangu ni jiwe.
Huku Murara sote tunakaa juu ya jiwe
lililokuja kwa miguu yake kutoka mlimani,
likaingia bila hodi, likaketi, likapoa.
Chini ya kamba ninapoanika nguo
upo mlango wangu wa kwanza;
chini ya tangi la maji, jiko,
na cherehani ya mama mkwe
ambayo hakuna aliyepata mkono wa kuibeba.

Ukoka niliupata kwa masista, kando ya zahanati,
ule mfupi, wa majani membamba,
usioinua kichwa hata ukisifiwa.
Sista Odilia alining'olea konzi mbili:
"Kifundo chini, ncha nje,
vidole viwili kati ya mche na mche.
Halafu usiwe na haraka.
Huu hutambaa, haukimbii."

Nikapanda nimepiga magoti juu ya gunia tupu.
Maji yalipanda kutoka ziwani, bidoni kwa bidoni,
kila siku na bei yake.
Nzigire akachungulia juu ya ukuta wa mawe:
"Wenzio hatuna ya kunywa,
wewe unanywesha zulia?"
Sikumjibu. Alikuwa na haki.
Tangu jioni ile nikamwagilia maji ya kuoshea mchele.

Mvua ya kwanza, udongo ukashuka.
Haukuchukuliwa na mkondo, ulizama,
kama sukari inavyozama katika chai,
ukipita kwenye vitundu na nyufa,
na asubuhi jiwe lilikuwa limetoa meno tena,
miche yangu inaning'inia
kama nyuzi za pindo lililofumuka.
Nikamwita Paluku. Magunia mawili.
Ukashuka.
Gunia moja. Ukashuka.
"Mama Kavira," akasema, na safari hii hakucheka,
"unajaza nini?"

Usiku nikiwa macho ndipo nilipofahamu:
ulikuwa unaenda nyumbani.
Unapenya bati lililopondeka, unatua mezani,
unajaza vikombe kimoja kimoja,
unaifunika cherehani polepole,
hata gurudumu lake.
Nilikuwa ninaipa nyumba ile sakafu,
kitu ambacho sikuwahi kuipa
nilipokuwa ninalala ndani yake.

Sijui ni gunia la ngapi lililoshiba.
Najua tu kwamba asubuhi moja udongo ulikuwa pale pale,
na kando ya tangi, panapovuja,
ukoka ulikuwa umeushika mkono ukoka mwenzake.

Sasa ninaupunguza kwa mkasi wa kazi,
ule wa kukatia vitenge; mashine sina.
Haujafunika kote.
Karibu na mlango kuna kipara, upana wa sinia,
jiwe limekataa kabisa. Nimeliachia.
Na mbuzi wa kina Byamungu tumegombana naye
mpaka tukafahamiana.

Jumapili Nzigire alipita na mjukuu wake,
yule anayejifunza kusimama,
mwenye magoti yaliyojaa makovu ya uwanja wao.
Hakuomba ruhusa. Alimkalisha katikati.
Mtoto akapapasa, akasita, akang'oa jani,
akalionja, akalitema.
Kisha akatambaa,
kwanza kwa hadhari, kama juu ya kaa la moto,
kisha kwa kasi, mpaka kwenye kipara, akageuka.

Kuhusu maji hatukusema neno.
Nzigire aliangalia huku na huku barabarani
kama mtu anayetaka kuiba,
akavua kandambili.